Majimaji kwenye Simu ya Mama

Kama ulisoma sekondari hapa Tanzania, nina hakika hata nikikuamsha saa nane za usiku utanitajia sababu sita za Vita vya Majimaji. Kodi, pamba ya lazima, ukatili wa maakida, kazi za shuruti, ardhi, na ile ya sita ambayo kila mtu huiokoteza dakika za lala salama. Ulizikariri kwa Kiingereza, ukapata alama zako, ukasonga mbele. Sasa nikuulize jingine: hiyo pamba ilikuwa shamba la nani? Nani walikuwa wa kwanza kuing'oa, wapi, mwezi gani? Hapo ndipo tunapoanza kutazamana. Na usinicheke, maana mimi ndiye ninayesomea ualimu na somo langu la kwanza ni Historia.

Mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, yalinipeleka Songea kwa wiki nane. Songea jina Majimaji liko kila mahali. Uwanja wa mpira ni Majimaji, timu ni Majimaji, makumbusho ni ya Majimaji. Siku ya kwanza kidato cha tatu, wanafunzi themanini na kitu wamebanana madawatini, nikauliza: Majimaji ni nini? Mkono wa kwanza ukapanda: "Timu, mwalimu. Wanalizombe." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Mkono wa pili ulikuwa wa binti wa mbele, akasimama akatiririsha zile sababu sita bila kupumua. Nikamwambia vizuri sana. Nikamwuliza, "Nani katika familia yenu alikuwepo?" Akanitazama kama nimemtukana.

Wazo la video halikutoka kwenye kozi yoyote ya mbinu za kufundishia. Lilitoka kibanda umiza. Karibu na chumba nilichopanga palikuwa na kimoja: mabenchi, turubai, televisheni moja kubwa, na jioni ambazo hakuna mpira wanaonyesha muvi za Kikorea zilizotafsiriwa. Unawajua hao watafsiri wa muvi. Anasimamisha picha, anakwambia huyu unayemwona ni shemeji yake yule aliyemuua baba yake, tulia usikie. Anatia utani, anatabiri, anawapa wahusika majina ya mtaani. Watoto wale wale wanaosinzia kipindi cha Historia walikuwa wamekaa pale saa mbili hawakohoi, wakifuatilia ugomvi wa ufalme wa Korea ambao hawana nao undugu wowote. Nikajisemea, kumbe shida si kwamba historia ni ndefu au ni ya zamani. Hakuna mtu anayesimamisha picha akawaambia huyu ni nani kwa nani.

Basi tukaanza, mimi na mwenzangu wa Jiografia ambaye anachora ramani vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Vifaa vyetu: simu yake (kamera ya yangu ilishakufa), maiki ya kubana kwenye shati, karatasi za manila, kalamu za rangi na programu ya bure ya kuhariri. Tukajiwekea masharti mawili. Video isizidi dakika nne, na faili isizidi MB 9. Sharti la pili ndilo lililotutesa. Shuleni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na projekta ilikuwa moja inayolala ofisini. Kwa hiyo video ingeangaliwa jioni, kwenye simu ya mama, kwa bando la mama. Ukiweka picha kali ya kupendeza, mama anafungua, anaona inakula bando, anafuta. Mambo ya elimu mtandaoni mengi yanaandikwa na watu wasiowahi kununua bando la siku.

Video ya kwanza ilikuwa ya Nandete. Hapo Umatumbi, Julai 1905, watu waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa miche. Ndivyo vita vilivyoanza, kwa mikono mitupu na miche ya pamba. Mwenzangu alichora ramani kuanzia Songea, kidole chake kinatembea kuelekea kaskazini mashariki mpaka milima ya Matumbi, mimi natafsiri kama muvi: "Hili shamba si la mtu. Ni la kijiji kwa jina tu. Unalima siku ulizopangiwa, jumbe yuko hapa, akida yuko pale, na msimu ukiisha malipo ni kiduchu mpaka wengine wanakataa kuyapokea." Tukaing'oa miche kweli. Haikuwa pamba, ilikuwa magugu ya nyuma ya shule, na tulisema hivyo kwenye video. Wanafunzi walifurahia hilo kuliko yote. Wiki nzima nikipita korido nasikia: "Mwalimu, yale si magugu?"

Usiku mmoja mama wa mwanafunzi akanitumia ujumbe wa sauti kwenye kundi la wazazi. "Mwalimu, mtoto ameshalala. Mimi ndiye naiangalia, hii ni mara ya tatu. Sasa iliishaje?"

Ugumu wa kweli ulianza tulipotaka picha. Ukitaka kutengeneza video ya vita hivi, unatafuta picha za wakati huo, na zipo. Lakini kaa nazo kidogo. Maofisa wa Kijerumani wamevaa kofia, wamesimama. Askari wamepanga mstari. Halafu wafungwa, wamefungwa mnyororo shingoni mmoja kwa mwenzake. Hiyo ya mwisho ndiyo inayozunguka kila panapotajwa Majimaji, wengine wanaiwekea na muziki wa huzuni. Jiulize aliyekuwa na kamera mwaka 1906 ni nani. Kila picha tuliyonayo ilipigwa na aliyeshinda, akiwa amesimama upande wake, akichagua yeye cha kuonyesha. Hakuna aliyepiga picha ghala lilipokuwa linachomwa. Tukiziweka tu mfululizo na sauti yangu juu yake, tunawafundisha watoto wa Songea kuwatazama babu zao kwa jicho la yule aliyewafunga.

Mwenzangu alisema basi tuziache zote. Mimi nilikataa. Niliichapisha ile ya wafungwa kwenye karatasi, nikaipeleka darasani, nikaipitisha dawati kwa dawati. Swali lilikuwa moja: aliyepiga picha hii alitaka tuone nini? Kimya kirefu. Kijana wa nyuma akasema, "Alitaka tuone mnyororo." Nikamwuliza wewe unaona nini. Akaichukua tena, akaisogeza karibu na dirisha. "Huyu hapa anamwangalia mpiga picha." Basi likaanza zogo, kila mmoja anataka kuiona. Nusu ya video ya pili ilitokana na kipindi hicho: picha moja, dakika mbili nzima, bila muziki, na sauti za wanafunzi wenyewe wakisema wanachokiona.

Sasa nije kwenye akili mnemba, maana najua kuna mtu anasoma hapa anasema si mngetengeneza tu. Wiki hiyo hiyo wanafunzi waliniletea video nyingine, imetazamwa mara nyingi kuliko zetu zote tukizijumlisha na kuzizidisha. Kinjikitile ana kifua cha mchezaji wa mieleka. Macho yanawaka bluu. Wapiganaji wamevaa ngozi za chui kama wametoka filamu ya Hollywood. Risasi zinakuja, zikifika kifuani zinageuka matone. Kusema ukweli inavutia. "Hii ndiyo vita, mwalimu," kijana mmoja akaniambia, kwa upole, kama anayenishauri nibadili kazi.

Nilimwuliza: kama risasi ziligeuka maji, mbona tulishindwa? Akafikiri. Akasema, "Basi waliwadanganya." Na mwingine akamalizia: "Wajinga. Maji na risasi wapi na wapi!" Darasa likacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Watoto wa Songea, mji wenye jina la nduna aliyenyongwa, wanawacheka waliokufa. Na hawana kosa. Tumewapa njia mbili tu: kitabu chenye sababu sita ambazo hazina mtu ndani yake, na muvi yenye miujiza. Ukitoka kwenye muujiza ukagundua haukufanya kazi, kinachobaki ni kucheka.

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, upande wa Rufiji. Dawa yake ilikuwa maji yaliyochanganywa na mahindi na mtama, vitu vya jikoni kwa kila mtu. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, mapema kabisa, na vita vikaendelea mpaka 1907 bila yeye. Hilo peke yake linatosha kukufanya usimamishe muvi. Kama kila kitu kilikuwa ni mganga mmoja na uongo wake, kwa nini watu hawakurudi nyumbani siku aliyonyongwa? Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni, na wengine wengi hawakuwa na mfalme mmoja, na baadhi yao walikuwa na visasi baina yao. Maji yaliwapa neno moja la kuitana na ujasiri wa kuanza. Hivi ndivyo nilivyowaeleza, na sikuwaambia wasicheke.

Kwa hiyo video ya tatu haina uso wa Kinjikitile. Ina mikono. Tulimwomba mama anayeuza uji karibu na shule, tukapiga mikono yake tu: inachota maji kwenye ndoo, inatia mtama, inatia mahindi, inakoroga. Yeye mwenyewe aliuliza, "Hii ndiyo dawa?" Tukamwambia ndiyo, mama. Akacheka, "Hii si kande!" Tukaacha na hilo liingie. Namba za kutazamwa hazikufika popote, lakini kundi la wazazi lilikesha likibishana, na ubishi huo uliendelea darasani asubuhi.

Kazi ya nyumbani ilikuwa moja: kaulize mzee yeyote, rekodi au andika. Hapa nataka tukumbuke kitu kama wanafunzi wa chuo kikuu, maana tunapenda kujiona wa kwanza kwa kila jambo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi vijijini wakati wa mradi wa utafiti wa Majimaji, wakakaa na wazee waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905, wakaandika walichoambiwa. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kutoka upande wa waliopigwa inatokana na madaftari yale. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akachapisha tamthilia ya Kinjeketile. Hawakuwa na simu wala bando. Sisi tuna simu zenye kinasa sauti, na wazee waliokuwepo hawapo tena. Waliobaki ni waliolelewa na waliokuwepo.

Majibu yaliyokuja, mengi yalikuwa ya "babu amesema hajui". Mengine yalikuwa hadithi za timu. Lakini binti yule wa mbele, wa sababu sita, alikuja na karatasi mbili zimejaa. Bibi mzaa bibi yake hakukubali maisha yake yote ghala la mahindi lijengwe mahali panapoonekana kutoka njiani. Lilikaa nyuma ya nyumba, chini ya miti. Familia iliona ni ukaidi wa uzee, wakamcheka mpaka alipokufa. Binti alikuwa amesoma kitabuni kwamba Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Alikuwa amesoma pia kwamba Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000 na wanahistoria waliofuata wakafika hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Alizijua hizo namba zote. Hakuwa amewahi kuziunganisha na ghala.

Aliisoma mwenyewe kwenye video ya nne. Sauti inatetemeka mwanzoni, tukaiacha hivyo hivyo.

Si kila mtu alifurahi. Mwalimu mmoja mzoefu aliniita pembeni akaniambia kwa nia njema kabisa: "Mtihani hauulizi bibi alificha mahindi wapi." Ana hoja. Nilitoa jaribio la mwisho wa mwezi, na siwezi kukudanganya kwamba alama zilipaa. Zilipanda kidogo kwa wale wa katikati, waliokuwa wanashindwa kwa sababu ya Kiingereza waliendelea kushindwa kwa sababu ya Kiingereza. Kilichobadilika ni majibu yenyewe. Wanafunzi kadhaa waliandika Nandete, na ghala. Mmoja aliandika kwamba upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389, halafu chini akaongeza kwa Kiswahili: kwa hiyo waliotumwa kutupiga ni sisi. Mwongozo wa kusahihisha hauna pa kuweka sentensi hiyo. Nilimpa alama, na niko tayari kuitetea popote. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na huenda humo sentensi kama hizo zikapata nyumba.

Jumamosi ya mwisho tulizionyesha zote kibanda umiza. Mwenye kibanda alitaka kiingilio. Tukajadiliana, akakubali bure kwa sharti tumalize kabla ya mechi ya mchana. Walikuja wanafunzi, wazazi, waendesha bodaboda waliodhani ni muvi, na wazee wachache. Tulianza na Nandete, tukaishia na video tuliyopiga makumbusho, kwa ruhusa, penye makaburi ya mashujaa. Hiyo inasimulia tarehe 27 Februari 1906, siku ya kunyongwa, na inamtaja Nduna Songea Mbano na Mkomanile, mwanamke pekee kati yao. Nilisikia wasichana nyuma yangu: "Kumbe kulikuwa na mwanamke?" Mmoja akajibu, "Amesema sasa hivi, sikiliza."

Ilipoisha, babu mmoja alisimama na fimbo yake. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatushukuru. Halafu akasema, "Wajukuu, video nzuri. Lakini mmemaliza mapema." Nikamwuliza mapema vipi, babu. Akasema kichwa cha Songea kilichukuliwa, na rais wa Ujerumani alikuja hapa mwaka 2023, akaomba radhi, akaahidi kitatafutwa. "Tulikuwepo, tulimsikia. Sasa kwenye video yenu mtu akiangalia atadhani mambo yaliisha 1907." Mwenye kibanda alikuwa ameshaanza kutafuta chaneli ya mpira. Babu hakukaa. Alisubiri mpaka nikamwambia tutaongeza, na tumeongeza: sekunde arobaini, sauti yake, juu ya picha ya jiwe la kaburi.

Wiki nane zimeisha, nimerudi chuo, na faili zile zinaendelea kutembea zenyewe. Kijana anayeuza nyimbo stendi amezipakia kwenye memori kadi za wateja bila kuniuliza, sijamlalamikia. Wanafunzi bado wananiandikia kwa simu za mama zao. Juzi mmoja, wa dawati la dirishani, aliniuliza jambo ambalo limenikosesha usingizi. Babu yake ni Mndendeule. Anasema Wangoni wenyewe walikuja kutoka Afrika Kusini, na kabla Mjerumani hajafika walikuwa wameshawapiga na kuwatawala Wandendeule. "Sasa mwalimu, kwenye video yako sisi tuko upande gani?"

Ni kweli. Walivuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Alipofariki Ufipa wakagawanyika, na makundi mengine yakashuka mpaka Ungoni, yakakuta watu. Hiyo haitaki mnyororo wala macho ya bluu, na sijui wazazi wa Kingoni kwenye kundi lile wataipokeaje. Nimemwambia akamrekodi babu kwanza. Ameleta sauti ya dakika kumi na moja, kuku wanawika nyuma, na mahali fulani babu anaomba apewe maji ya kunywa. Bumu likitoka nanunua bando, nakaa chini kuinakili.